Virginia Woolf: mwandishi aliyeamuliwa asizae

Mwezi Januari mwaka 1913, mume mmoja mjini London alikuwa akitoka kwa daktari huyu anakwenda kwa yule, na swali lake lilikuwa moja tu: mke wangu azae, au asizae? Walikuwa na miezi mitano ya ndoa. Swali halikuwa la kizazi, wala mume hakuwa anatafuta dawa ya utasa. Kilichokuwa kikijadiliwa ni akili ya mke wake, na mara nyingi kilijadiliwa yeye mwenyewe akiwa hayupo.

Mume huyo ni Leonard Woolf. Mke ni Virginia Woolf, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa karne ya 20.

Tumemchagua Virginia kwa sababu ya swali ambalo wasikilizaji hututumia kwa meseji karibu kila tunapozungumzia afya ya akili: mtu aliyewahi kuugua akili anaweza kupata mtoto? Wanawake wanauliza, na wanaume wanauliza pia, ila wanaume huomba tusisome jina lao hewani. Maisha ya mama huyu wa Kiingereza yanatusaidia kulijibu, kwa sababu kwake mlango wa uzazi ulifungwa na ugonjwa wa akili kwa njia ambayo hata kijijini kwetu tunaijua.

Nyumba aliyokulia

Virginia alizaliwa tarehe 25 Januari 1882, eneo la Kensington, London. Baba yake, Leslie Stephen, alikuwa mwandishi, mhariri wa kwanza wa kamusi kubwa ya maisha ya Waingereza mashuhuri. Baba alikuwa mgane na mama, Julia, alikuwa mjane walipooana. Mama alikuja na watoto watatu, baba mmoja, wakazaa wengine wanne: Vanessa, Thoby, Virginia na Adrian.

Yule mtoto mmoja wa baba aliitwa Laura. Alichelewa kusema na kujifunza, akaonekana mzito wa akili, na mwishowe akapelekwa kulelewa kwenye nyumba za wagonjwa, alikoishi hadi kufa mwaka 1945. Watu wa nyumbani walikuwa na maelezo yao. Bibi yake Laura, mke wa mwandishi maarufu Thackeray, aliugua akili baada ya kujifungua mtoto wa tatu mwaka 1840, na hakupona tena ingawa aliishi zaidi ya miaka 50 baada ya hapo. Mtoto aliyezaliwa wakati ule ndiye aliyekuja kuwa mama wa Laura. Ikasemwa kwamba ile ni damu ya bibi.

Virginia hakuwa na damu ya bibi huyo hata tone, maana Laura alikuwa dada yake kwa upande wa baba tu. Lakini alikua katika nyumba ambamo mambo mawili yalijulikana: mwanamke anaweza kurukwa na akili kwa kuzaa, na wazimu unashuka kwa vizazi.

Mwaka 1895 mama yake alifariki. Virginia alikuwa na miaka 13, na ndipo alipougua kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye akafa Stella, dada yake mkubwa aliyekuwa ameshika nafasi ya mama. Mwaka 1904 akafa baba, na Virginia akaugua vibaya zaidi, akasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akajaribu kujidhuru. Mwaka 1906 kaka yake Thoby akafa kwa homa ya matumbo aliyoipata safarini Ugiriki. Juu ya misiba hiyo, Virginia mwenyewe aliandika alipokuwa mtu mzima kwamba kaka zake wakubwa, wana wa mama yake kwa ndoa ya kwanza, walimshika mwili kwa njia isiyofaa alipokuwa mdogo na alipokuwa msichana.

Kwa hiyo anayetaka kusema ugonjwa wake ulitoka kwenye damu tu, itabidi kwanza ayaweke pembeni hayo yote. Madaktari wengi na waandishi waliosoma habari zake siku hizi huona dalili zake zinafanana na ugonjwa wa baipola, yaani mtu hupanda juu mno kihisia, haongei polepole, halali, kisha hushuka chini hadi hataki kula wala kuishi. Wakati wake hakukuwa na dawa ya hali hiyo. Dawa ilikuwa kitanda, chumba chenye giza, marufuku ya kusoma na kuandika, na maziwa mengi. Ndiyo, maziwa. Ukinenepa, walisema, umepona.

Mume na madaktari wake

Leonard alirudi London mwaka 1911 baada ya miaka karibu saba ya kazi ya serikali ya kikoloni huko Ceylon, nchi inayoitwa sasa Sri Lanka. Walioana tarehe 10 Agosti 1912. Virginia alikuwa na miaka 30 na alitazamia kuzaa. Tuseme pia ukweli mwingine, kwa sababu nao unahusu mada: mambo ya chumbani hayakwenda vizuri tangu fungate. Lakini hilo halikumfanya aache kutaka mtoto. Majira ya kuchipua ya 1913 alikuwa bado akimwandikia rafiki yake kwamba wanataka mtoto, ila wameambiwa wasubiri kwanza, wakae shamba kwa miezi kadhaa.

Leonard alikuwa ameanza kuogopa. Alimwona mkewe akiumwa kichwa, akikosa usingizi, akihangaika na kitabu chake cha kwanza. Akaenda kwa Sir George Savage, daktari mzee aliyewahi kumtibu Virginia mwaka 1904. Savage akamwambia azae tu, mtoto atamfaa. Leonard hakuridhika. Akaenda kwa daktari Maurice Craig, akaenda kwa daktari Hyslop, akamuuliza na Jean Thomas, mwanamke aliyeendesha nyumba ya wagonjwa ambako Virginia aliwahi kulazwa. Majibu hayakufanana, wapo waliosema hapana, yupo aliyeshauri kungoja. Leonard akachukua upande wa hapana. Alipokuwa mzee, mwaka 1964, alieleza katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyozunguka kwa madaktari hao.

Hatutaki kumfanya Leonard mtu mbaya. Alimuuguza mkewe kwa miaka 28 bila kumkimbia, na wangapi wanaweza? Hofu yake kubwa ilikuwa kwamba mimba na kujifungua vingemvunja mkewe tena. Lakini hofu ile haikukua peke yake. Julai 1912, mwezi mmoja kabla ya harusi yao, London ilikuwa imekaribisha mkutano wa kwanza wa kimataifa wa watu walioamini kwamba taifa linapaswa kuchagua nani azae na nani asizae, ukiongozwa na mtoto wa mwanasayansi Charles Darwin. Mwaka 1913 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwaweka kando watu walioitwa wenye upungufu wa akili, na sababu mojawapo ilikuwa kuwazuia wasiongezeke. Daktari wa akili wa zama zile alipoulizwa kuhusu mtoto, alikuwa akijibu katikati ya kelele hizo.

Na kungoja kukageuka kuwa kutozaa kabisa. Septemba 1913 Virginia alijaribu kujiua, akaokolewa. Mwaka 1915 akaugua tena, safari hii vibaya kuliko zote, na wauguzi kadhaa nyumbani. Hapa ndipo sisi tunaposimama kidogo. Alizuiwa kuzaa ili asiugue, na miaka mibaya kuliko yote ya ugonjwa wake ikaja akiwa hana mimba wala mtoto. Alipopata nafuu mwishoni mwa 1915 alikuwa na miaka 33. Umri ulikuwa bado upo. Lakini jambo lilishaamuliwa.

Dada wa damu hiyo hiyo

Vanessa, dada yake wa baba mmoja na mama mmoja, alikuwa mchoraji. Naye aliwahi kupita vipindi vizito vya huzuni, kimoja baada ya mimba kuharibika mwaka 1911. Damu yake ilikuwa ile ile. Alizaa watoto watatu: Julian mwaka 1908, Quentin mwaka 1910 na Angelica mwaka 1918.

Kwa mila zetu watoto hao wangemwita Virginia mama mdogo, na kwa kweli alikuwa hivyo. Aliwaandikia barua, akawachekesha, akawatungia hadithi za uongo kuhusu watu wazima. Lakini katika shajara yake uchungu unarudi. Katika siku zake mbaya alijihesabu kuwa mtu aliyeshindwa, na kukosa watoto kulikuwa juu katika orodha hiyo. Aliwahi pia kujilaumu kwamba angejikaza zaidi pengine angepata. Baadaye, alipopita miaka 40 na vitabu vikawa vinatoka, aliandika kwamba hamu ile imepungua. Binadamu hubadilika, huenda maneno yote mawili yalikuwa ya kweli.

Miaka hiyo ndiyo aliyofanya kazi kubwa. Mwaka 1917 yeye na Leonard walinunua mashine ndogo ya kuchapa, wakaiweka nyumbani, wakaanza kampuni yao ya vitabu. Zikafuata riwaya, na insha yake ya mwaka 1929 kuhusu mwanamke kuhitaji fedha na chumba chake ili aweze kuandika.

Na wanaume je?

Riwaya yake ya mwaka 1925, Mrs Dalloway, ina mhusika mwanamume ambaye wasomaji wengi humsahau. Anaitwa Septimus, askari aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa ameharibika akili kwa aliyoyaona. Ana mke kijana kutoka Italia. Mke anatamani mtoto. Septimus anakataa kabisa. Anaona dunia hii si mahali pa kumleta kiumbe. Mke analia, na mume anamwona akilia lakini hahisi kitu. Humo humo yupo daktari bingwa tajiri, ambaye kazi yake ni kuwafungia wagonjwa mbali na watu na kuwazuia kuzaa. Virginia alijua alikotoa habari hizo.

Tunamtaja Septimus kwa sababu mwanamume husahauliwa katika mazungumzo haya. Nyumba ikikosa mtoto, macho yote yanamgeukia mke. Lakini utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2013 nchini Sweden, uliofuatilia zaidi ya watu milioni mbili, ulionyesha kwamba ugonjwa wa akili humpunguzia mwanamume nafasi ya kupata mtoto kuliko mwanamke. Wanaume wenye skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, walikuwa na watoto karibu robo tu ya wale wanaopatikana kwa wanaume wengine. Wanawake wenye ugonjwa huo walikuwa na karibu nusu ya wenzao. Kwa wenye baipola pengo lilikuwa dogo zaidi.

Kwa nini mwanamume aathirike zaidi? Sababu moja ni umri. Skizofrenia huwaanza wanaume mapema, mara nyingi kati ya miaka 18 na 25, kabla hajaoa, kabla hajapata kazi. Wanawake wengi huanza kuugua wakiwa wakubwa kidogo, wengine wakiwa tayari wana watoto. Sababu ya pili sote tunaijua: mwanamume ndiye anayetarajiwa kuposa, kutoa mahari na kulisha. Kijana aliyewahi kuonekana barabarani akizungumza peke yake, nani atampa binti yake? Kabla ya posa wazee huuliza kwanza, katika ukoo ule kuna wazimu, kuna kifafa? Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu ndoa kubatilishwa ikiwa mmoja alikuwa na vipindi vya kurudia vya kichaa au kifafa wakati wa kuoana na mwenzake hakujua, na maneno hayo yanafanana sana na ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1937.

Kwa hiyo kwa wengi kizazi hakina tatizo. Mtoto anakosekana kwa sababu ndoa haikuwepo, au ilivunjika, au watu wengine waliamua.

Pale ambapo mwili unahusika

Mwili nao unahusika, na mara nyingi chanzo ni dawa, ambazo hazikuwepo wakati wa Virginia. Lithiamu ilianza kutumika kwa baipola mwaka 1949, na klopromazini, dawa ya kwanza ya kutuliza sauti na fikra za uongo, mwaka 1952. Zimewarudisha watu wengi nyumbani kwao. Lakini baadhi ya dawa za kundi hilo, hasa za zamani, hupandisha homoni ya prolaktini, ile inayotengeneza maziwa ya mama. Mwanamke anaweza kuona siku zake zinayumba au zinakatika, na maziwa yanatoka bila mimba. Mwanamume anaweza kupoteza hamu au nguvu za kiume. Baadhi ya dawa za sonona nazo hupunguza hamu. Mara nyingi hali hii hurekebishika kwa kubadilisha dawa au kipimo. Tatizo ni kwamba mgonjwa anaona haya kusema, anazitupa dawa kimyakimya, na baada ya wiki kadhaa ugonjwa unarudi.

Dawa moja inahitaji kutajwa kwa jina: valproeti, inayotumika kwa kifafa na pia kwa baipola. Mama akiitumia akiwa mjamzito, takriban watoto 10 kati ya 100 huzaliwa na kasoro za mwili, na 30 hadi 40 kati ya 100 hupata matatizo ya kukua na kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe dawa hiyo. Kama unaitumia, usiikatize mwenyewe leo usiku. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege au kuurudisha ugonjwa. Nenda kituo cha afya, sema unaitumia, sema unataka mtoto au huenda una mimba, uliza dawa nyingine.

Hofu ya Leonard kuhusu kujifungua haikuwa ya bure kabisa. Kwa mwanamke mwenye baipola, takriban mmoja kati ya watano huugua vikali baada ya kujifungua, mara nyingi katika wiki mbili za mwanzo. Hapo ndipo bibi yake Laura alipoangukia. Siku hizi mama wa aina hiyo hupangiwa mapema: dawa ipi, nani atalala na mtoto usiku ili mama apate usingizi, nani atatazama dalili. Usingizi ni sehemu ya tiba, na mama mkwe au wifi anayebeba mtoto saa nane za usiku anatibu.

Na ile damu? Mzazi mmoja akiwa na skizofrenia au baipola, takriban mtoto mmoja kati ya kumi ataugua ugonjwa huo. Ni zaidi ya kawaida, ambapo ni kama mmoja kati ya mia. Lakini tisa kati ya kumi hawaugui. Hesabu hiyo Leonard hakuwa nayo, na wale madaktari wake hawakuwa nayo pia.

Miaka ya mwisho

Julai 1937 Julian, mtoto wa kwanza wa Vanessa, aliuawa katika vita vya Hispania akiendesha gari la wagonjwa. Alikuwa na miaka 29. Virginia alikwenda kwa dada yake kila siku wakati wa msiba ule. Kisha ikaja Vita ya Pili ya Dunia, mabomu yakaharibu nyumba zao za London, wakahamia moja kwa moja kijijini Rodmell, kusini mwa Uingereza. Mapema mwaka 1941 akaanza tena kusikia sauti. Tarehe 28 Machi alijitoa uhai, akiwa na miaka 59. Alimwachia Leonard barua ya shukrani. Msomaji wetu, kama mawazo ya namna hiyo yanakujia wewe au mtu wako, usikae nayo peke yako. Mwambie mtu unayemwamini leo, na fikeni kituo cha afya pamoja.

Leonard aliishi hadi mwaka 1969, naye bila mtoto. Majivu ya mkewe aliyazika chini ya mti mkubwa bustanini kwao. Mwaka 1972 kilitoka kitabu cha maisha ya Virginia, juzuu mbili, kilichowajulisha watu wengi habari za ugonjwa wake. Aliyekiandika ni Quentin, mtoto wa pili wa Vanessa, yule aliyekuwa na miaka miwili siku Leonard alipokwenda kuwauliza madaktari.